Taa Kama Shahidi: Uainishaji wa Mianga ya Usiku Katika Wilaya za Tarime na Serengeti

Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliweka kanuni ambayo mpaka leo kila wakili anayemtetea mtuhumiwa wa tukio la usiku huanza nayo. Shahidi akisema "nilimwona nikamtambua", aulizwe kwanza: ulikuwa umbali gani, ulimtazama kwa muda gani, ulikuwa ukimfahamu kabla, na hali ya mwanga ilikuwaje? Hukumu zilizofuata zikakaza kamba zaidi. Haitoshi kusema kulikuwa na taa. Taa gani, na ilikuwa ikiangaza kwa nguvu kiasi gani?

Ni kanuni nzuri, ila mwandishi wa risala hii anaona imeishia njiani. Mahakama huuliza mwanga ulikuwa mwingi kiasi gani. Haiulizi ulikuwa wa rangi gani, wala ulizitendea haki kiasi gani rangi za vitu ulivyoviangukia. Kwa mtindo huo taa huingia katika ushahidi bila kuapa na hutoka bila kuhojiwa. Hapa tunaipandisha yenyewe kizimbani.

Eneo la utafiti ni wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kwa sababu mbili zisizo na ubishi. Kwanza, kuanzia Sirari mpakani mpaka Mugumu, karibu kila taa ambayo binadamu amewahi kuibuni bado inafanya kazi usiku uleule, kutoka utambi wa pamba mpaka chembe za silikoni. Pili, vitu vinavyotazamwa chini ya taa hizo ni vya gharama: ng'ombe, dhahabu, nyama na wakwe. Mbinu ya utafiti ilikuwa kukaa, kutazama na kununua steki.

Vipimo viwili visivyo na undugu

Kipimo cha kwanza ni joto la rangi. Mwaka 1848 William Thomson, ambaye baadaye alipewa cheo akaitwa Lord Kelvin, alipendekeza kipimo cha joto kinachoanzia penye baridi isiyo na baridi nyingine chini yake. Leo tunajua ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Ukipasha chuma moto, huanza kwa wekundu mzito, kikawa cha rangi ya chungwa, kikawa cha manjano, kikaelekea weupe. Kingekuwa hakiyeyuki, kingefika mahali kikaanza kuwa na ubuluu. Basi kila taa hupewa namba ya joto ambalo kitu cheusi kabisa kingelihitaji ili king'ae kwa rangi inayofanana na yake. Koroboi iko karibu na Kelvini 1,900, balbu ya zamani ya waya 2,700, jua la mchana 5,500 hivi, na ile taa nyeupe inayouzwa kila duka la Tarime mjini 6,500.

Hapa wanafunzi wengi huachia kalamu, kwa kuwa kadiri namba inavyopanda ndivyo macho yanavyoiona taa kuwa ya baridi. Ya 2,700 wenye fani huiita ya joto. Ya 6,500, yenye joto zaidi ya mara mbili, huiita ya baridi. Mwandishi alimweleza jambo hili muuza vifaa vya umeme mmoja, kwa utulivu na kwa mifano. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema zote zina waranti.

Kipimo cha pili ni ubora wa rangi, nacho ndicho hasa kingetakiwa mahakamani. Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, yenye makao yake Vienna, ilipitisha utaratibu wake mwaka 1965. Huchukuliwa sampuli 8 za rangi, zikamulikwa kwa taa inayopimwa, kisha zikamulikwa kwa mwanga wa mfano. Tofauti ikiwa ndogo, alama huwa kubwa; ya juu kabisa ni 100, nayo huandikwa kwa herufi Ra.

Msomaji ashike jambo moja tu kabla hatujaingia vijijini. Taa mbili zinaweza kuwa na Kelvini 4,000 zote mbili, ukizitazama zikafanana kama zimetoka boksi moja, na bado moja ikawa na Ra 95 na nyingine 60. Ukitazama taa huoni kitu. Ni mpaka uweke chini yake nyanya, kitenge au uso wa mtu ndipo mojawapo inapoanza kusema uongo. Joto la rangi linakueleza taa imevaa nini. Ubora wa rangi unakueleza taa inasema nini juu ya wengine.

Jamii ya Moto

Koroboi ndiyo mzee wa jamii hii: kopo, utambi, mafuta ya taa. Mwanga wake wa manjano ni masizi. Chembe za kaboni ambazo hazijamaliza kuungua hupashwa moto ndani ya mwale mpaka zikang'aa. Zikitoka hapo zikiwa nzima huenda kutua kwenye bati, kwenye chandarua na puani. Watafiti waliopima taa hizi za utambi walikuta kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayoungua hugeuka masizi meusi. Kwa hiyo anayesoma kwa koroboi anasoma kwa kitu kilekile atakachopenga kesho asubuhi.

Sasa msomaji ajiandae. Alama ya ubora wa rangi ya koroboi ni karibu 100 kamili. Taa inayofanya kanzu nyeupe ionekane imefuliwa kwa chai imepata alama za juu kuliko karibu kila taa ya kisasa iliyoko wilayani. Sababu iko kwenye kanuni za mtihani. Kwa taa zote zilizo chini ya Kelvini 5,000, mwanga wa mfano ni ule wa kitu cheusi kilichopashwa moto kwa joto hilohilo. Na koroboi ni nini kama si kitu cheusi kilichopashwa moto? Ni mtoto anayesahihishiwa mtihani na mjomba wake, na mjomba ndiye aliyetunga maswali.

Wauza ndizi wa stendi hawajasoma matokeo hayo, na ni heri. Mwanga wa Kelvini 1,900 karibu hauna buluu kabisa. Noti ya shilingi 5,000, ambayo mchana ni ya zambarau, ikifika chini ya koroboi hunyang'anywa ubuluu wake ikabaki na wekundu, na wekundu ndio rangi ya noti ya 10,000. Noti ya 1,000, yenye buluu, huwa kama kipande cha gazeti kilicholoa. Mama mzoefu wa biashara ya jioni haangalii rangi. Anatafuta mnyama: faru ni elfu tano, tembo ni elfu kumi. Kwamba watu wanaopakana na Serengeti wanahesabu chenji kwa wanyamapori ni jambo ambalo idara ya utalii ingeweza kulitumia vizuri zaidi.

Chemli ni koroboi iliyopata kioo na adabu. Haihitaji aya yake.

Karabai ni habari nyingine. Mafuta husukumwa kwa pampu, yakageuka mvuke, yakaungua ndani ya kijifuko kilichobuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1891, chenye oksidi ya thoriamu na seriamu kidogo. Kijifuko hicho hung'aa kwa weupe kuliko moto wenyewe, na ndicho kilichowatawala dagaa wa Ziwa Victoria kwa miaka mingi kabla ya wavuvi kuanza kuhamia taa za betri na sola. Lakini ziwa liko Rorya na Musoma, na Rorya iligawanywa kutoka Tarime mwaka 2007. Kwa sababu za mipaka ya kiutawala, karabai ya dagaa inaondolewa katika utafiti huu.

Jamii ya Waya

Balbu ya waya iko njiani kutoweka. Iligeuza takriban asilimia 5 tu ya umeme kuwa mwanga, nyingine yote ikawa joto, na kwa mwenye Luku hilo ni kosa lisilosameheka. Ilikuwa shahidi mwema: Ra karibu 100, kwa msaada wa mjomba yuleyule. Masalia yake hupatikana kwenye mabanda ya vifaranga, ambako joto ndilo linalotakiwa na mwanga ni hasara. Vifaranga wa Tarime, kwa hiyo, hukulia katika mwanga bora kuliko wateja watakaowala.

Jamii ya Gesi

Humu zimo tyubu ndefu za ofisi za serikali na zile zilizojikunja zinazoitwa enaji seva. Mvuke wa zebaki hupigwa na umeme, ukatoa miale isiyoonekana, na poda iliyopakwa ndani ya kioo ikaigeuza miale hiyo kuwa mwanga. Tatizo ni kwamba mwanga huo hauji kama mkeka uliotandazwa kutoka nyekundu mpaka urujuani. Unakuja kwa vilima na mabonde: kilima cha kijani hapa, cha buluu pale, na katikati yake shimo.

Mashimo hayo yamevunja harusi zaidi ya mahari. Wanakamati wanachagua sare. Kitambaa cha kina mama kimenunuliwa duka moja, cha kina baba duka la pili, vyote vikalinganishwa chini ya tyubu na vikakubalika kuwa "rangi moja kabisa". Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye jua la kanisani, upande mmoja ni rangi ya maziwa ya mgando na mwingine ni ya waridi. Wataalamu hukiita kisa hiki metamerizimu: rangi mbili zilizotengenezwa kwa viungo tofauti zinaweza kulingana chini ya mwanga mmoja zikaachana chini ya mwingine. Vitambaa havikubadilika. Tyubu iliruka sehemu ya ushahidi ambayo ingevitofautisha, na jua halikuruka kitu. Kamati hudhani imetapeliwa na mfanyabiashara, na yeye kwa dhati ya moyo hajui kosa lake.

Jamii ya Chembe

Tunafika kwenye jamii iliyoteka nchi, ile ya LED. Mwaka 2014 Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia kwa kubuni chembe inayotoa mwanga wa buluu bila kula umeme mwingi. Taa nyekundu na za kijani za aina hiyo zilikuwapo zamani. Buluu ndiyo iliyokuwa imekataa. Ilipopatikana, njia ya kutengeneza mwanga mweupe ikawa rahisi ajabu: chukua chembe ya buluu, ifunike kwa poda inayogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano, na jicho likichanganya mawili hayo litasema ni nyeupe. Poda ikiwa nyembamba unapata Kelvini 6,500. Ukiongeza poda, tena yenye wekundu ndani yake, unapata 2,700.

Tazama vizuri viungo: buluu na manjano. Wekundu mzito ni haba, na katika taa za bei ya chini ni haba sana. Kwenye ukuta uliopakwa chokaa hakuna atakayegundua. Kwenye bucha watagundua wote.

Hapa risala inakaa kitako, maana Tarime nyama haisubiri sikukuu. Nyama mbichi hupata rangi yake kutoka myoglobini, protini ya misuli inayoshika oksijeni. Ikikatwa na kupigwa na hewa huwa nyekundu ya kung'aa. Ikikaa muda mrefu hugeuka hudhurungi. Mteja basi anaposoma wekundu anasoma saa: ng'ombe huyu alichinjwa lini? Ni usomaji wa haki, ilimradi taa imekubali kuleta wekundu wote uliomo. Taa nyeupe ya bei rahisi haiuleti. Mnofu wa asubuhi ya leo huonekana wa juzi, maini yanakuwa ya kijivu, na mafuta yanapata weupe wa plasta.

Taa hiyohiyo inaweza kuwa imeandikwa Ra 80 kwenye boksi, na boksi halidanganyi. Zile sampuli 8 zinazotoa wastani wa Ra ni rangi za upole, zilizopauka, na hakuna hata moja iliyo nyekundu ya kweli. Nyekundu kali ni sampuli ya 9, ambayo huhesabiwa pembeni na huwa haiandikwi. Taa ya LED ya kawaida yenye Ra 80 inaweza kupata sifuri katika sampuli ya 9, na nyingine hupata chini ya sifuri. Msomaji asidhani ni kosa la uchapaji. Katika mtihani huu inawezekana mwanafunzi akatoka chumbani akiwa anadaiwa alama, na bado akatangazwa amefaulu.

Bucha za eneo la utafiti zimegawanyika sehemu mbili kutokana na hali hiyo. Upande mmoja ni bucha ya weupe. Mwenye bucha ni mtu wa haki, nyama yake ni ya leo, lakini taa yake mwenyewe inamsingizia mbele ya wateja. Mazungumzo ya humo huwa hivi:

"Mura, hebu ipeleke hapo nje niione."

"Mama, nyama ya leo hii. Muhuri wa bwana afya huu hapa."

"Muhuri nimeuona, baba. Nataka kuiona nyama."

Kijana analiinua paja, analitoa barazani, na saa kumi na mbili kasoro za jioni nyama inarudishiwa heshima yake. Mama huyo hajasikia habari za Vienna, lakini alichofanya ndicho tume ilichoagiza: amelinganisha mwanga unaopimwa na mwanga wa mfano.

Upande wa pili ni bucha ya wekundu. Mwenyewe amegundua kwamba balbu nyekundu, au ile yenye waridi iliyotengenezwa mahsusi kwa biashara ya nyama, hufuta siku mbili kwenye umri wa mnofu. Chini yake kila kipande kinang'aa, hata kile ambacho nzi amekata tamaa nacho. Ikiwa taa ya kwanza ilimfunga asiye na hatia, hii inamwachia mwenye hatia kwa dhamana ya shilingi elfu chache. China imelichukulia jambo hili kwa uzito: kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2023 zinakataza wauzaji kutumia taa zinazobadilisha waziwazi rangi ya vyakula vibichi, na taa za nyama ndizo zilizolengwa hasa. Huku kwetu mama wa paja la barazani anatosha, mradi afike kabla ya jua kuzama. Baada ya hapo mwandishi hana ushauri isipokuwa taa yenye Ra 90 au zaidi ambayo mtengenezaji wake ameitaja na alama ya sampuli ya 9. Ni ghali kidogo. Mwenye bucha mwaminifu akiinunua, ataona imejilipa kwa mapaja asiyoyabeba kwenda nje.

Kutoka nyama twende kwenye ngozi iliyo hai. Baada ya sampuli ya 9 zipo nyingine za ziada, na ya 13 ni ngozi ya binadamu. Binadamu gani? Mzungu: waridi iliyopauka yenye umanjano. Wajapani walipoona hawajioni, waliongeza sampuli ya 15, ngozi ya Mwasia. Orodha ikaishia hapo. Katika sampuli zote 15 hakuna ngozi ya Mkurya, ya Mngoreme, ya Mwikoma wala ya mtu yeyote mweusi. Maana yake taa inaweza kusifiwa kwa ubora wa rangi kutoka Vienna mpaka Tokyo bila kuulizwa hata mara moja inamfanyaje bibi harusi wa Nyamwaga. Jibu, kwa wenye kutaka kulijua, liko kwenye albamu za picha. Ngozi nyeusi ina wekundu na udhahabu ndani yake, na taa ya Kelvini 6,500 isiyo na nyekundu huutoa wote, ikabakiza majivu. Kisha mpambaji anawasha taa za zambarau ukumbini, na mpiga picha anajitetea kwamba kompyuta itarekebisha. Mwaka 2015 chama cha wahandisi wa mwangaza cha Marekani kilitoa kipimo kipya chenye sampuli 99 badala ya 8, na hayo ni maendeleo. Mpaka kipimo hicho kifike kwenye maboksi ya dukani, bibi harusi akae karibu na dirisha.

Kuna tawi moja la jamii hii linalohitaji tahadhari, nalo ni la Nyamongo, kwenye dhahabu. Dhahabu ni ya manjano kwa sababu humeza buluu na kurudisha nyekundu, manjano na sehemu ya kijani. Ukiimulika kwa taa yenye buluu nyingi na nyekundu haba, inapauka na kupoteza nusu ya ushawishi wake. Ukiimulika kwa koroboi, kinyume chake: mwanga wenyewe ni wa manjano, kwa hiyo kila kinachong'aa kinaomba kuitwa dhahabu, pamoja na lile jiwe la chuma na salfa ambalo limewaharibia watu mitaji tangu zamani. Wanaojua kazi hawategemei taa ya aina yoyote. Wanategemea mizani, maji na asidi. Na tangu serikali ilipoanzisha masoko ya madini mwaka 2019, mtu anayetaka kukuuzia dhahabu usiku nyuma ya nyumba kwa mwanga wa tochi amekwisha kukupa taarifa zote unazozihitaji.

Mgogoro wa Mugumu na Ikoma

Mwaka 1941 Arie Andries Kruithof, mfanyakazi wa kampuni ya Philips huko Uholanzi, alichora mchoro unaoonyesha mwanga upi unampendeza mtu. Kwa maneno machache: mwanga ukiwa hafifu, watu huupenda wa manjano, weupe wenye ubuluu hupendeza pale tu unapokuwa mwingi kama wa mchana. Wapo waliompinga baadaye, lakini hawajaingia sebuleni kwa mtu Mugumu saa mbili usiku. Chumba chenye viti vya vitambaa na picha ya mahafali kinawashiwa taa moja ya wati 5, Kelvini 6,500. Rangi ni ya saa sita mchana, wingi ni wa saa moja jioni. Wageni wanasalimiana, wanakaa, na kila mmoja anashindwa kujua kwa nini anahisi amekuja kutambua maiti.

Wenye nyumba hawajakosea kwa ujinga. Weupe ni tangazo. Aliyelelewa kwa koroboi hataki taa inayofanana na koroboi. Nguzo za umeme wa vijijini zilipofika kitongojini alitaka jirani aone kwa mbali kwamba manjano imekwisha. Mwandishi anaiheshimu hoja hiyo kuliko anavyomheshimu Kruithof.

Sasa chukua gari, uelekee Ikoma, kwenye kambi za mahema zilizo kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Humo usiku mmoja unalipiwa mamia ya dola. Mhandisi aliyesoma ameagiza taa zenye Kelvini 2,200, kazifungia ndani ya vyombo vilivyotengenezwa vifanane na chemli, nyingine zimewekewa kichezeo kinachozifanya zitetemeke kama utambi unaokaribia kuishiwa mafuta. Mgeni kutoka London analipa ili apate, bila masizi, ule mwanga ambao mhudumu anayemletea supu amekopa ili aukimbie. Usiku ukiisha kila mmoja anakwenda kulala akiamini ameendelea.

Kwa upande wa elimu ya wadudu, kambi ina hoja. Wadudu wengi wa usiku huvutwa na buluu na miale isiyoonekana kuliko na manjano. Taa ya 2,200 huacha meza ya chakula ikiwa ya chakula. Mugumu mvua zikianza, taa ya 6,500 inaita kumbikumbi wa kitongoji kizima. Lakini kwa nyumba inayowakaanga, hiyo nayo ni hoja, tena ya kuunga mkono 6,500.

Kuhusu mwezi na ng'ombe

Mwezi hauuzwi dukani, kwa hiyo wataalamu wengi wameusahau. Lakini mahakamani hutajwa si haba: "kulikuwa na mbalamwezi" ni sentensi iliyowahi kupeleka watu jela. Tuuhoji.

Joto la rangi lake ni Kelvini 4,100 hivi, yaani ni wa manjano kuliko jua, ingawa macho yanasema una ubuluu. Ubora wa rangi hauna lawama, kwani ni mwanga wa jua uliorudishwa na mwamba. Kwa karatasi, shahidi bora kabisa. Anayeshindwa ni jicho. Jan Purkinje wa Bohemia aliliona jambo hili mwaka 1819: giza likiingia, vitu vyekundu hufifia mapema kuliko vya buluu. Jicho lina chembe za aina mbili, za mchana zinazojua rangi na za usiku zisizojua, na hizi za usiku karibu hazioni wekundu kabisa. Chini ya mbalamwezi ng'ombe mwekundu ni mweusi.

Kwa jamii ambayo mtu anaweza kukutajia ng'ombe wake mmojammoja kwa rangi, mabaka na mkunjo wa pembe, hili ni tatizo la kisheria lenye uzito wa kilo mia tatu. Mwenye zizi anasimama mbele ya wazee wa ritongo, baraza la jadi la Wakurya, na kusema: saa nane usiku, mwezi mpevu, nilimwona dume wangu mwekundu akisukumwa kuelekea mpakani. Risala inakubali kwamba aliona dume. Inakubali kuelekea mpakani. Wekundu aliuleta mwenyewe kutoka kumbukumbu za mchana, bila nia mbaya, maana ubongo hupaka rangi pale jicho linapoacha wazi. Pembe, sikio lililokatwa na chapa ya mgongoni vinafaa zaidi. Mwezi unaweza kuvithibitisha. Na kama mshitakiwa ana dume mweusi nyumbani kwake, mwandishi anapendekeza kesi iahirishwe mpaka asubuhi.

Spishi isiyoainishika

Imebaki pikipiki. Mtaalamu hana budi kukiri kwamba bodaboda za Tarime, zikishafungwa mikanda ya LED chini ya tangi, kwenye rimu na kuzunguka namba, hazikubali kipimo chochote kilichotajwa humu. Hazina Kelvini, kwani hakuna kitu cheusi, hata kingepashwa moto namna gani, kinachowahi kuwa cha kijani au zambarau. Hazina Ra, maana hakuna mjomba wa kulinganishwa naye. Kwa faida ya mawakili, mahojiano ya shahidi aliyemwona mtu kwa mwanga wa chombo hicho yangekuwa hivi:

"Shahidi, mtu huyo alivaa fulana ya rangi gani?"

"Alipofika ilikuwa ya kijani, mheshimiwa."

"Halafu?"

"Alipokata kona ikawa ya zambarau. Aliposimama ikawa nyekundu, ikawa buluu, ikarudi kijani."

"Unaiambia mahakama mtu alibadilisha fulana mara nne akiwa juu ya pikipiki?"

"Hapana, mheshimiwa. Alipozima taa ikawa nyeupe, basi."

Shahidi huyo aaminiwe kwa kila neno.